Karatasi ya Mwisho Inabaki kwa Justa

Ukiwa mchimbaji na ukanunua riwaya kwa Justa, utaondoka na kitabu pungufu. Mji mzima wa Shinyanga unalijua hilo, isipokuwa wachimbaji wenyewe, ambao kila mmoja hulijua kwa zamu yake, akiwa amesimama barazani kwa Jashvant na kitabu mkononi na mdomo wazi.

Swali huja kabla kitabu hakijafungwa kwenye gazeti: "Unaenda kuchimba?" Anayesema haendi anapewa kitabu kizima na kutakiwa safari njema. Anayesema anaenda anamtazama Justa akikigeuza kitabu, akiweka rula ya chuma kwenye mshono, na kuchana karatasi ya mwisho polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Karatasi inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kitabu kinaingia kwenye gazeti. Mteja anaingia kwenye hasira.

"Dada, huu si wizi?"

"Ukirudi utaikuta."

"Nikirudi lini?"

"Ukimaliza kusoma."

"Na nisiporudi?"

"Ndiyo maana naichana."

Biashara hii hakuianzisha yeye. Aliirithi, pamoja na meza yenye mguu mmoja mfupi, kutoka kwa shangazi yake Paskalina. Kwetu mtu anaweza kuwa na mkono wa mbegu, au mkono wa kukanda mgongo, na hakuna anayeshangaa. Paskalina alikuwa na mkono wa vitabu. Miaka ile ya zamani, watu walipokuwa wakichekecha mchanga wa Maganzo wakitafuta almasi, alimuuzia mchimbaji mmoja hadithi ya upelelezi ambayo panya walikuwa wamekula mwisho wake. Yule bwana alisoma, akafika penye meno ya panya, akaacha koleo lake palepale na kuja Shinyanga kumtukana Paskalina. Wakati anamtukana, shimo lake lilijaa maji, na waliokuwamo hawakutoka. Mtu mwingine angejifunza kukagua vitabu vyake vizuri zaidi. Paskalina alijifunza kuvichana.

Wasomi wa mji walisema ni bahati. Inawezekana. Lakini bahati hiyo ilijirudia kwa mtu wa pili, na wa tatu, mpaka wake za wachimbaji wakaanza kuja wenyewe kuwanunulia waume zao riwaya, hata waume ambao kusoma kulikuwa kunawatoa jasho. "Chagua nene," walikuwa wakisema, "lakini isiwe nene sana." Walikuwa wamepiga hesabu yao: nene sana, mume hamalizi, na asiyemaliza hana hasira ya kumrudisha nyumbani.

Sheria za kazi zilikuwa mbili tu, na Paskalina alimfundisha Justa zote siku moja, binti akiwa ametoka darasa la saba na bado anavaa sketi ya shule kwa kuwa ndiyo nzuri aliyokuwa nayo. Ya kwanza, karatasi ya mwisho haiendi mgodini. Ya pili, muuza vitabu hasemi mwisho. "Hata mteja akilia," Paskalina alisema. "Hata akiwa padri. Unamjibu, soma."

Hawakuwa peke yao. Kahama alikuwepo Abel, mwenye kibanda karibu na stendi, ambaye akikuuzia kamusi unaota kwa lugha ile usiku huohuo, ingawa kwa makosa ya sarufi. Inasemekana wengine walikuwepo Tabora na Mwanza. Walijuana kama mafundi saa wanavyojuana. Chama hawakuwa nacho, na pengine ndiyo sababu waliendelea kuelewana.

Mwenye baraza, Jashvant, hakuamini lolote kati ya haya. Yeye aliuza kamba, sururu, misumari na tochi, na wateja wake walikuwa walewale. Alimruhusu Paskalina kuweka meza, kisha akamruhusu Justa, kwa sababu, alivyosema, watu wakigombana barazani wengine huja kutazama, na anayekuja kutazama hukumbuka kwamba hana misumari.

"Mimi nawauzia cha kushukia," alikuwa akimwambia Justa asubuhi wakifungua, "wewe unawauzia cha kupandia. Tofauti ni kwamba kamba yangu naiuza nzima."

"Mzee, ukiuza kamba pungufu hawatashuka kabisa. Wazo zuri hilo."

"Toka hapa."

Bujiku alikuja kununua kamba. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, mvua ilikuwa imemkuta barazani, mvua yenyewe ya dakika chache kama zilivyokuwa mwaka ule wa ukame, na akashika kitabu cha juu mezani ili mikono yake iwe na kazi. Mvua ikaisha. Yeye akabaki. Alisoma midomo ikicheza, kidole kikitembea chini ya mstari, maana shule aliiachia darasa la nne ng'ombe wa baba yake walipohitaji mtu aliyesoma zaidi ya kaka zake. Ng'ombe hao, kwa kadiri ilivyojulikana, hawakunufaika.

"Hapa si maktaba," Justa alimwambia siku ya pili.

"Maktaba wanataka unyamaze. Mimi nikinyamaza sielewi."

"Basi nunua."

"Nikinunua nitakuja kufanya nini kesho?"

Jashvant, akiwa ndani, alikohoa. Alikuwa amekohoa hivyohivyo, wazee wanasema, siku fundi cherehani alipoanza kumtembelea Paskalina, na ushauri uliokuwa ndani ya kikohozi kile haukufuatwa wakati ule pia.

Kwa hiyo Bujiku alisomea pale, kwa sauti, na Justa alimsahihisha huku akipanga vitabu. Alimsahihisha kwa ukali kuliko mwalimu, kwa sababu mwalimu hamtaki mwanafunzi wake arudi jioni. Walimaliza hivyo riwaya ya mapenzi, riwaya ya jambazi aliyetubu, na kitabu cha ufugaji wa nyuki, ambacho Bujiku alikiona bora kuliko vyote kwa kuwa hakuna mtu aliyelia ndani yake. Kuhusu kopo la maziwa alikuwa na maoni.

"Kwa hiyo wewe unachana vitabu ili watu wasife."

"Shangazi alianza."

"Na daktari wa mkoa anajua? Maana wanahangaika na sindano bure pale hospitali."

"Cheka tu."

"Sicheki. Nauliza kama kuna kitabu cha malaria."

Ilipofika mahali pa kuongea na wazazi, baba yake Justa kule Old Shinyanga alipokea posa vizuri, akataja idadi ya ng'ombe. Hakutaja wengi kupita kiasi. Lakini ng'ombe wa baba yake Bujiku walikuwa wamekufa kwa ukame mmoja mmoja wakiwa wamesimama, na mtu asiyekuwa na ng'ombe, wingi na uchache kwake ni kitu kimoja. Hakugombana na mtu. Alinunua kamba nyingine kwa Jashvant, akajiunga na kundi la Bartholomeo, jitu lenye sauti ya kengele lililokuwa na nafasi kwenye duara moja huko upande wa Masumbwe. Duara ndilo jina la wachimbaji la shimo lao, ingawa mengi si mviringo. Walisema dhahabu ya pale inaonekana kwa macho. Mara zote huwa inaonekana kwa macho, ya mtu mwingine.

Kitabu alikichagua mwenyewe. Kilikuwa kinene kiasi, jalada limeng'oka, kimetoka kwenye kabati la mstaafu mmoja wa Mwadui. Hadithi ilikuwa ya msichana anayemtafuta kaka yake aliyeondoka nyumbani na hakurudi. Anakwenda mji kwa mji, mto kwa mto, akiuliza. Bujiku alisoma kurasa za kwanza pale mezani na hakufanya mzaha hata mmoja, jambo ambalo lingepaswa kumshtua Justa.

Alipoona rula, uso ulimbadilika.

"Kumbe na mimi ni mteja."

"Wewe ndiye mteja kuliko wote," Justa alisema, akachana. Hakuiweka kwenye kopo pamoja na za wengine. Aliikunja mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa gauni.

Siku ya kuondoka, stendi, basi likiwa linapakia magunia juu ya paa na kondakta anaapa kwamba linaondoka sasa hivi kama alivyoapa tangu alfajiri, Bujiku alikaa dirishani na kitabu mapajani.

"Niambie tu, Justa. Anampata?"

"Soma."

"Nitasoma. Lakini niambie. Anampata kaka yake au hampati?"

"Bujiku, unajua siwezi."

"Nimekuwa nikilicheka kopo lako, najua. Leo sicheki." Aliinamisha kichwa karibu na kioo kilichovunjika. "Kule chini kuna giza la kutosha. Siwezi kushuka na swali hili, nikae nalo miezi. Nipe kitu cha kushuka nacho."

Huyu hakuwa mteja anayelia wala padri, na Paskalina hakuwa amemtaja mtu wa aina hii. Justa alisimama pale chini ya dirisha akifikiri, na alichofikiri kilikuwa cha akili kweli, na ndilo tatizo. Sheria ilikataza kusema mwisho wa kitabu. Haikusema lolote juu ya mwisho ambao haumo kitabuni. Akimpa uongo, Bujiku atashuka na moyo mweupe, karatasi ya kweli itabaki mfukoni mwake, sheria itabaki nzima, na mkono utafanya kazi yake. Hapo ndipo unapoona ubaya wa kusoma riwaya nyingi: mtu anaanza kutafuta mlango wa nyuma kwenye kila nyumba, hata ile anayolala.

"Anampata," alisema.

"Kweli?"

"Kijiji cha pili baada ya mto. Amekonda, amefuga ndevu, mwanzoni hamtambui. Wanarudi nyumbani kwa miguu na wanagombana njia nzima."

Bujiku alicheka mpaka abiria wa nyuma akageuka. "Wanagombana! Hao ndugu kweli." Akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho, na kabla basi halijaondoka alikuwa amelala, mtu aliyekuwa hajalala vizuri wiki nzima. Justa alirudi barazani kwa miguu, akiwa na furaha ya mtu aliyeishinda mahakama. Jashvant anakumbuka kwamba siku ile alimuuzia mchimbaji mmoja kitabu, na wakati wa kuchana alikuwa anaimba.

Kisha zikaja zile mvua ambazo redio ilizipa jina la kigeni. Sisi tulikuwa tumeomba mvua miaka miwili, kwa padri, kwa shehe na kwa wale wengine, na inaelekea wote walioombwa walisikia kwa wakati mmoja. Madaraja yaliondoka. Pamba ilioza. Barabara ya Kahama ikawa kitu cha kusimuliwa. Huko kwenye maduara, kazi zilisimama, na wanaume wakakaa chini ya maturubai wakisubiri ardhi ikauke, wakisoma.

Januari ya tisini na nane, mchana, mvua ikiwa imepumzika kidogo, lori la mbao lilisimama mbele ya duka la Jashvant na kushusha kundi la watu wa rangi ya matope. Bartholomeo alikuwa mbele, kitabu kakishika juu kama hati ya kukamata mtu.

"Mwadila, mwizi wetu!"

"Mwadila. Karibuni."

"Usitukaribishe! Mimi nimeachwa na mtu ana bastola mlangoni, mke wa tajiri yuko kabatini, na hapo ndipo kitabu kimekwisha. Tangu juzi sijala vizuri."

"Afadhali wewe," mwingine alisema, akimsukuma. "Mimi harusi imesimama. Padri kashika pete. Kashika tu! Watu wazima kabisa tunakaa kwenye turubai tunabishana kama bibi harusi atakubali."

"Atakataa."

"Unaona? Ndiyo hivyo tangu Jumapili."

Walikuwa wamemaliza vitabu vyao, wakabadilishana, wakagundua kwamba vyote vimekatwa mkia, wakakaribia kupigana. Lori lilipopita likielekea Shinyanga waliruka wote juu yake, maana kazi haikuwepo na hasira ilikuwepo. Jashvant alitoka mlangoni kutazama. Watu walianza kukusanyika, na mmoja wao akakumbuka kwamba hana misumari.

Justa alifungua kopo, akawa anatoa karatasi moja moja na kumpa kila mtu yake. Alikuwa akicheka. Halafu macho yake yakapita juu ya vichwa vyao, yakarudi, yakapita tena.

"Bujiku yuko wapi?"

"Kabaki," Bartholomeo alisema, akisoma tayari, mdomo ukicheza. "Duara huwezi kuliacha peke yake, jioni tu unakuta lina wenyewe wengine. Tulikuwa tunapiga kura nani abaki, tunagombana, yeye akasema nendeni. Anakusalimia sana. Ametucheka huyo! Alisema, nyinyi nendeni mkatafute miisho yenu, mimi wangu naujua, nimeambiwa na muuza vitabu mwenyewe." Akageuza karatasi. "Anaangalia matimba tu, yale magogo ya kuegemeza kuta. Asubuhi na jioni anashuka kuyaangalia yasilegee. Ahaa! Kumbe bastola haikuwa na risasi!"

Wengine wakapiga kelele kwamba anawaharibia. Katika kelele hiyo Justa alifunika kopo, akaliweka mezani sawasawa, akaweka rula juu yake. Aligusa mfuko wa gauni. Kisha akamwendea Jashvant na kusema, kwa sauti ya kawaida, "Mzee, nifungie meza."

Jashvant hakuwahi kumsikia akisema maneno hayo kabla ya jua kuzama. Alimtazama. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akisema kila asubuhi kwamba biashara ya nusu kitabu ni upuuzi mzima. Aliingia ndani, akatoka na ufunguo wa pikapu.

"Panda," alisema.

Walifika Kahama jioni, baada ya kusukumwa na watu wa vijiji kadhaa. Mbele ya Kahama barabara ilikuwa imekatika, maji yakipita juu yake yana haraka zao. Lori la kina Bartholomeo lilikuwa miongoni mwa magari ya mwisho kupita. Abel aliwapokea kibandani mwake, akawapa chai, akasikiliza. Alikuwa mzee mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliuliza swali moja kama daktari anayebonyeza mahali.

"Ulimwambia mwisho?"

"Sikumwambia, baba. Nilimwambia wa uongo. Wa kweli ninao hapa." Akamwonyesha karatasi iliyokunjwa, kama mtu anayeonyesha tiketi.

Abel hakuipokea. Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Aliuamini?"

"Alicheka. Akalala."

"Mwanangu," Abel alisema, "unafikiri ni karatasi ndiyo inayowarudisha?"

Justa aliirudisha karatasi mfukoni. Jashvant, ambaye hakuamini lolote kati ya haya, alisimama, akatoka nje na kukaa muda mrefu akiangalia tairi ya gari lake, ambayo haikuwa na tatizo.

Asubuhi walivuka kwa trekta la mtu wa pamba, wamekaa kwenye tela kati ya magunia. Kutoka pale trekta lilipokwamia walitembea. Jashvant alitembea na viatu vyake vya dukani mpaka kimoja kikabaki kwenye tope, na hakukirudia.

Waliona kabla ya kuambiwa, maana watu walikuwa wamesimama kwa mpangilio ule ambao watu husimama wakiwa hawana tena la kufanya. Mahali palipokuwa na duara palikuwa na bwawa dogo la rangi ya chai ya maziwa, na magogo mawili yamechomoza. Ukuta ulikuwa umeshuka jana yake mchana, wakati barazani Shinyanga wanaume walikuwa wakinyang'anyana karatasi. Wenzake wa maduara ya jirani walichimba mpaka ukingo mwingine ukaanza kuondoka nao, ndipo wakaacha. Walisema hayo kwa aibu, mmoja baada ya mwingine, kama kwamba Justa ni polisi.

Mama mmoja aliyekuwa akiwapikia wachimbaji ugali alimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Wewe ndiye wa vitabu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Alikula kwangu jana. Wenzake walikuwa wameondoka, akaja na kitabu kwapani, akasema mayu, nikusomee huku unapika, nyumbani kwenu wapo waliopotea? Nikamwambia nani hana. Basi akanisomea. Anasoma vizuri, yule. Akafika mahali kikawa kimekwisha hakijaisha. Nikamuuliza sasa? Akacheka. Akanisimulia mwenyewe, kwamba yule dada anampata kaka yake, kafuga ndevu, wanarudi wanagombana njiani." Mama alijifuta mikono kwenye khanga iliyokuwa kavu. "Nilicheka sana, mwanangu. Mimi na kaka yangu ni hivyohivyo. Halafu akasema ngoja nikatazame magogo yangu kabla mvua haijarudi. Kitabu alikichukua."

Justa alimshukuru kwa Kisukuma, "Wabheja, mayu."

Hawakumtoa. Mvua zilipokwisha mwenye eneo alijaza shimo kwa kifusi, na baba yake Bujiku alikuja na wazee kufanya yaliyopasa kufanywa mahali pasipokuwa na mwili. Bartholomeo aliacha uchimbaji, sasa anauza mkaa Masumbwe, na sauti yake imeshuka. Kitabu chake chenye bastola anacho, na karatasi ya mwisho kaigundisha kwa gundi ya viatu. Anasema hajawahi kukirudia.

Ni yeye aliyekuja na wazo. Alikuja Shinyanga mwaka jana kiangazi, akasimama mezani, kofia mkononi.

"Shikamoo" hakusema, maana ni mkubwa kwake, lakini alisimama kama anayetaka kuisema. "Justa. Ile karatasi bado unayo?"

"Ninayo."

"Twende nayo. Tumsomee pale juu. Watu wote wa kundi watakuja, tumeshaongea. Ajue ule wa kweli. Apumzike."

Justa alikuwa akifunga kitabu cha mteja. Alimaliza kukunja gazeti, akakaza uzi.

"Akishasomewa," alisema, "atakuwa na sababu gani ya kuja?"

Bartholomeo alimtazama Jashvant mlangoni, kama anaomba msaada. Jashvant aliangalia dari ya baraza. Bartholomeo alivaa kofia yake, akaondoka.

Mwisho wenyewe si siri. Jashvant, ambaye hafungwi na sheria za watu wa mkono, aliagiza nakala nyingine kupitia ndugu yake Mwanza na kuisoma chini ya kaunta, na humwambia yeyote anayemuuliza. Msichana anafika kwenye kivuko. Mwenye mtumbwi anamwambia kwamba mtu wa namna hiyo alivuka, au pengine ni mwingine, wengi huvuka. Msichana anakaa kwenye gogo. Basi. Mwandishi ama aliishiwa karatasi, ama aliishiwa huruma. Jashvant anasema kama angekuwa yeye angeongeza mstari mmoja tu, hajui upi.

Justa bado anauza. Bado anauliza swali lake na bado anachana, ila sasa anachana akiwa ameangalia pembeni. Miisho haisomi tena, hata ya vitabu vya watoto. Wachimbaji bado wanarudi na kumtukana, naye huwapokea kwa upole ambao unawaharibia matusi. Paskalina, mzee sasa, aliambiwa yote, na aliongeza sheria ya tatu, lakini hakuna anayeijua kwa sababu Justa alimwambia anyamaze.

Mwaka huu Jashvant amevunja ukuta wa stoo na kutengeneza chumba kizuri chenye rafu za mbao na taa. Alimwonyesha Justa kama mtu anayeonyesha bidhaa, akipigapiga mbao kwa kidole. Mvua haitaingia, alisema. Vumbi halitaingia. Atasoma hata umeme ukikatika, kuna dirisha.

Justa alisimama kwenye dirisha lile, akatazama nje kushoto, akatazama kulia, akamshukuru sana. Kisha akatoka, akasukuma kipande cha kadibodi chini ya ule mguu mfupi wa meza, akakaa barazani kama kawaida.

Kutoka chumba kile barabara ya Kahama haionekani.